Zamu ya Lusiana

Jumapili, 2 Desemba 2007. Kiegei

Mvua imeanza jana jioni, na paa la nyumba ya mwalimu limeanza kuvuja pale pale linapovuja kila mwaka, juu ya kitanda. Nimesogeza kitanda. Mwalimu mkuu, Jonasi, anaijua habari ya paa hili tangu nihamie. Kila nikimkumbusha ananiambia, subiri cheti chako kwanza Skola, huenda nyumba isiwe yako tena. Anasema huku anacheka. Mimi sicheki.

Cheti chenyewe habari yake ni hii. Sisi walimu tuliochukuliwa kwa mafunzo mafupi, wa zamani na wa juzi, tumeambiwa kwamba mwisho wa Mei mwakani asiyefaulu aweke chaki chini. Chuo kimoja cha Dar kinafundisha kwa kompyuta. Masomo yanakuja kwenye mtandao, unasoma, unajibu zoezi la wiki, unasahihishwa humo humo. Ukiacha mazoezi unafutwa. Kompyuta ziko Nachingwea mjini, kwenye chumba cha parokia, na kutoka hapa ni baiskeli tangu alfajiri mpaka jua la utosi. Mimi nimefundisha tangu kabla sijaolewa. Aliyekuwa mume wangu yuko Masasi na mke mwingine, na heri akae huko huko. Nikiondolewa hapa sina pa kwenda. Kwa hiyo nasoma.

Tuko watatu. Mimi, Lusiana wa darasa la kwanza, na Adinani, kijana wa Narung'ombe huko Ruangwa, anayevaa miwani ya jua mpaka darasani. Leo baada ya misa tumekaa kibarazani kwangu tukapanga zamu. Kila wiki mmoja anakwenda mjini, ananakili somo kwenye daftari, anarudi nalo. Jumapili tunalisoma wote, tunabishana, tunakubaliana majibu. Anayekwenda wiki inayofuata anayajaza, ya kwake na ya wenzake. Ni kulimiana tu, tunavyolimiana mashamba, leo kwangu kesho kwako. Chuo chenyewe siku ya kwanza kilituandikia tushirikiane, na kushirikiana hakuna wa Dar atakayetufundisha sisi.

Tatizo ni Lusiana. Ana Goreti anayenyonya, na mume wake Bonifasi hataki kusikia habari ya mkewe kulala mjini.

"Zamu yangu chukua wewe, Skola," ameniambia. "Mimi nitakulimia karanga."

Nimekubali upesi, maana mimi na jembe hatupatani.

Jumamosi, 8 Desemba

Zamu ya Adinani. Amerudi na matope mpaka masikioni, na nusu ya somo. Eti umeme ulikatika. Nilijua tu.

Jumapili, 16 Desemba

Tumebishana mpaka giza likaingia. Swali lilikuwa la mtoto wa darasa la kwanza asiyefungua mdomo, mwalimu aanze na nini. Adinani kasema asimamishwe aulizwe maswali mbele ya wenzake, atazoea. Lusiana akamwambia ukifanya hivyo kesho humwoni, atakwambia yuko shambani anafukuza ndege. Akaeleza anavyofanya yeye, anavyowatuma watoto wawili wawili kufuta ubao mpaka yule mnyamavu aanze mwenyewe kumsemesha mwenzake. Adinani akashika kidevu, kisha akakubali kwamba hakulijua hilo, jambo ambalo sijapata kumwona akilifanya. Tukaandika jibu moja kwa wote watatu. Jibu ndilo hilo, tungeandika jingine kwa nini.

Sikumbuki lini mara ya mwisho nilikaa na walimu wenzangu tukazungumzia watoto na si mishahara. Nalala na furaha, ingawa Adinani alimaliza mihogo yote.

Alhamisi, 20 Desemba. Nachingwea

Zamu yangu. Teodosia, anayetunza chumba cha kompyuta, hafungui mpaka jenereta liwake, na jenereta haliwaki mpaka dizeli ije. Nimekaa kwenye benchi nikiangalia malori ya korosho za mwisho mwisho yakipita.

Mchana ndiyo nikaingia. Nimejaza ya kwangu, nikatoka, nikaingia kwa jina la Adinani, nikatoka, nikaingia kwa jina la Lusiana. Paswadi zetu wote ni korosho na mwaka wa kuzaliwa. Nilipomaliza ya Lusiana kioo kikaandika, "Hongera, Lusiana. Umepata majibu yote." Nikacheka peke yangu, Teodosia akanitazama.

Ijumaa, 21 Desemba

Nimempelekea Lusiana salamu zake za kompyuta. Alikuwa anasugua masufuria. Akaniambia nirudie. Akauliza imeandikwaje, kwa herufi kubwa au ndogo, na kama jina lilikuwa peke yake au na la ukoo. Nikamwambia. Akarudi kwenye masufuria yake akiimba.

Jumanne, 25 Desemba

Krismasi. Wali, kuku, mvua.

Jumapili, 13 Januari 2008

Adinani amerudi kutoka kwao na habari za Ruangwa. Huko walianza walimu wengi kuliko sisi, na wote wameshaacha. Wengine baada ya wiki tatu, wengine barabara ilipoharibika. Kila mmoja alikuwa anakwenda kivyake, na akikosa dizeli siku hiyo anarudi kivyake na hasira zake.

"Noma, madam," kasema. "Sisi ndio majembe."

Neno lake la majembe ni la redioni, mimi lilinikumbusha palizi.

Jumamosi, 19 Januari

Lusiana amekuja kupalilia karanga zangu, Goreti mgongoni. Mimi nilikuwa ndani nanakili somo la wiki kwa mwandiko unaosomeka. Kila nikichungulia dirishani ameinama, kila nikichungulia yuko mstari mwingine. Nilimpelekea uji. Akanywa amesimama, akaniuliza swali la nne lile la mtaala linasemaje hasa, kwa sababu alikuwa akiliwaza akilima.

Jumatatu, 28 Januari

Mvua.

Jumamosi, 2 Februari

Mvua. Zamu yangu. Korongo limejaa, nimevuka maji yakiwa kiunoni, wanaume wawili wakinibebea baiskeli. Daftari nililifunga kwenye mfuko wa plastiki nikaliweka kichwani chini ya kilemba. Nimefika, nimejaza, nimerudi. Siulizwi kwa nini. Nikikaa nyumbani kuna watu wawili watakaokosa zoezi kwa ajili yangu, na Jumapili nitawatazama machoni.

Jumapili, 17 Februari

Leo nina mengi.

Tulikuwa kibarazani, tumeshaanza, gari likaja. Ndani yake kijana mmoja mpole, Bwana Eustace, mtu wa chuo. Anafanya utafiti. Anataka kujua kwa nini wanafunzi wengine wanaendelea kusoma kwa mtandao na wengine wanaacha. Ametoka Ruangwa, hakukuta hata mmoja. Lakini Kiegei, alisema, walianza watatu na wapo watatu, hawajakosa zoezi hata wiki ya mafuriko, mpaka Dar wanauliza Kiegei ni wapi. Tukaona aibu ya furaha. Hatujazoea kuulizwa tuko wapi. Akapewa kiti kizuri na mihogo. Akanawa mikono vizuri, akala, akasifia. Akatupiga picha.

Kisha akaanza maswali yake. Je, mnaendelea kwa sababu mfumo ni rahisi kutumia? Kwa sababu una manufaa? Kwa sababu mnaufurahia? Adinani akampa maneno makubwa, sayansi na teknolojia, utandawazi, nikamwacha. Mimi nilimwambia naogopa kufukuzwa kazi. Akaandika. Lakini alikuwa na uso wa mtu ambaye bado hajapata alichofuata, akamgeukia Lusiana, aliyekuwa amekaa mkekani miguu ina tope la shambani kwangu, akimnyonyesha mtoto.

Lusiana akamjibu kama anavyowajibu wazazi, taratibu na kwa ukweli wote.

"Bwana, sisi hatuendelei mmoja mmoja. Mimi kile chumba nilikiingia Novemba ile ya kuandikishwa, tena nimesimama mlangoni. Anakwenda huyu, anakwenda na huyu, wananiwekea na yangu. Mimi namlimia huyu karanga zake. Ningekuwa peke yangu ningeacha zamani."

Kalamu ya Bwana Eustace ilisimama. Akamuuliza kwa upole, kwa hiyo majibu yako anayaandika nani. Lusiana akasema tunayatafuta wote, anayeyaandika ni mwenye zamu. Akasema kwa fahari kabisa. Adinani alikohoa. Nikamtazama, sikuelewa anakohoa nini.

Mgeni akashukuru, akasema hili ni jambo kubwa sana, ameguswa sana. Akaondoka kabla giza halijaingia. Adinani akasema, madam, kuna kitu hapa hakijakaa sawa. Nikamwambia aache uswahili wa Dar, mtu katusifia.

Jumanne, 26 Februari

Karanga zimetoa maua. Mvua.

Jumatano, 5 Machi

Adinani amerudi kutoka mjini akisukuma baiskeli, na tairi zote zina upepo. Aliponiona hakuniita madam. Akakaa.

Chuo kimeandika. Kimeandika kwetu wote watatu maneno yale yale, lo, wao wakiandika maneno yale yale si kosa. Kwamba majibu yetu yanafanana neno kwa neno. Kwamba yametumwa kutoka kompyuta moja, siku moja, mmoja baada ya mwingine. Kwamba walishaanza kutushuku, na sasa mmoja wetu amekiri mbele ya mtafiti. Huu ni udanganyifu. Alama zote tangu mwanzo zimefutwa. Kwa huruma yao tumepewa mtihani mmoja wa yote, Jumamosi ya tarehe 19 Aprili, Nachingwea, kila mtu kwenye kompyuta yake, msimamizi atatoka Dar. Atakayeshinda ataendelea. Atakayeshindwa jina lake litapelekwa kunakohusika.

Amekiri. Neno hilo limenikaa kooni mpaka saa hizi. Lusiana amekiri nini? Kwamba tulivuka maji? Kwamba tulikaa kila Jumapili tukasoma mpaka yeye anayalima masomo pamoja na karanga? Yule mtoto alikula mihogo yangu, akanawa mikono, akatusifia, kisha akaenda kutuandika. Alitafuta sababu iliyotuweka humo, akaipata, na ilipokuwa mkononi mwake akaiita udanganyifu.

Lakini Eustace yuko Dar, na Lusiana yuko hapa. Nilimfuata nyumbani kwake. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika yote. Nilimwambia ulimi wake umetufukuza kazi watatu, yeye mwenye mume wa kumlisha na mimi nisiye na mtu.

"Nilimjibu alichouliza," alisema.

Nikamwambia safari nyingine aulizwe anyamaze. Bonifasi alikuwa pale, akasema nitoke kwake. Nimetoka.

Jumapili, 9 Machi

Hakuna aliyekuja kibarazani. Nimesoma peke yangu. Nimesoma ukurasa mmoja mara tatu.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua kubwa. Asubuhi, ilipopungua, nikasikia jembe. Lusiana yuko shambani kwangu anapalilia mara ya pili. Hakuniita, hakutazama nyumba. Akamaliza mistari aliyokuwa ameibakiza, akajifuta miguu kwenye majani, akaondoka. Nilikaa nyuma ya mlango kwa aibu. Nimelia, na nimekasirika kwamba nimelia.

Jumatatu, 24 Machi

Jumatatu ya Pasaka. Nimekwenda kwa Lusiana kumwomba radhi. Nilianza hotuba niliyokuwa nimeipanga, akaikata katikati akaniambia kaa, chai inapoa. Bonifasi hakunisalimia, nami nilistahili.

Mtihani hauko mbali, na Lusiana masomo anayajua kuliko sisi, lakini hajawahi kushika kompyuta. Nilimwomba Bonifasi amruhusu twende mjini siku mbili tu ajifunze. Kabla hajakataa Adinani akatokea na habari kwamba Teodosia hafungui, dizeli iliyobaki inawekwa akiba ya siku ya mtihani. Bonifasi akasema, mmeona, hata Mungu hataki. Ila siku ya mtihani yenyewe ataruhusu.

Basi nimechukua boksi la sabuni nikalikata, nikachora vibonyezo vyote kama ninavyovikumbuka, herufi kwa herufi. Mausi nimempa kipande cha sabuni. Tumekaa jikoni kwake, mimi nasoma swali, yeye anagonga jibu kwenye boksi. Ana vidole vigumu vya jembe lakini akili yake inashika upesi. Nikamwambia ukitaka kubonyeza, unasogeza sabuni hivi mpaka mshale ufike. Akauliza mshale uko wapi. Nikamwambia uko kwenye kioo, hapa hauonekani, wewe sogeza tu.

Jumapili, 6 Aprili

Sasa anaandika jina lake kwenye boksi bila kutazama. Adinani naye anakuja, anamsimamia muda kwa saa yake ya mkononi. Nilidhani kijana huyu atakuwa wa kwanza kukimbia. Ameacha hata miwani nyumbani.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua imeanza kukatika. Mkuu Jonasi ameniuliza, akicheka, kama tumeshajifunza kukiri.

Jumapili, 20 Aprili

Tumerudi leo. Ninaandika mapema kabla sijaanza kujidanganya jinsi ilivyokuwa.

Tulikwenda Ijumaa kwa lori la mbao, tukalala kwa masista, Goreti tukiwa naye. Jumamosi asubuhi jenereta likawashwa. Msimamizi wa Dar, mama mmoja mkavu lakini si mbaya, akatueleza. Maswali yako kwenye kioo, muda unahesabika pembeni wenyewe, ukiisha mashine inajifunga. Kila jibu ubonyeze hifadhi kabla hujaenda jingine. Na atakayeinuka kwenye kiti chake, kwa sababu yoyote, mtihani wake umeisha. Tukakaa, mimi na Lusiana ubavu kwa ubavu, Adinani nyuma yetu.

Maswali niliyafahamu yote. Kila moja lilikuwa na sauti ya mtu ndani yake, hili tulibishana na Adinani, hili alilieleza Lusiana akinywa uji. Nikawa naandika mbio. Pembeni nikasikia Lusiana anaandika pia, taratibu lakini hakwami, nikashukuru boksi langu. Kisha akanyamaza.

Nilitazama kwa pembe ya jicho. Jibu lake la kwanza lilikuwa limeandikwa lote, safi. Alitakiwa apeleke mshale kwenye hifadhi. Akainua mausi juu hewani, akaishusha, akainua tena. Ndivyo alivyokuwa akifanya na sabuni jikoni, na mimi nilikuwa nikimwambia vizuri, hivyo hivyo. Sabuni haikuwa na mshale, kwa hiyo sikuwahi kuona kwamba anakosea. Mshale ukaruka pembeni ya kioo, ukapotea.

"Skola," alisema chinichini, "mshale umepotea."

Nilisikia. Nitaandika wazi kwamba nilisikia. Ilikuwa ni kumshika mkono tu na kuusukuma juu ya meza, basi. Nikaitazama saa ya kwenye kioo changu, nikawaza nyumba, nikawaza Mei, nikaendelea kuandika. Akaniita mara ya pili, sikugeuka. Msimamizi akasema kimya.

Kiti cha nyuma kikasogea. Adinani alikuwa amesimama.

"Kijana, ukiinuka umemaliza," msimamizi akamwambia.

"Basi nimemaliza," akasema.

Akaja kwa Lusiana, akakiweka kiganja cha Lusiana juu ya mausi na chake mwenyewe juu yake, kama unavyomshika mtoto mkono akianza kuandika. Akausogeza, mshale ukaonekana. Akamfanyisha tena. Akamfanyisha mara ya tatu, akamwachia, akamtazama anafanya mwenyewe. Msimamizi alikuwa amesimama mdomo wazi, nadhani hakujua sheria inasemaje kwa yule aliyebaki kwenye kiti. Adinani akachukua kofia yake akatoka nje, akampokea Goreti kwa sista.

Lusiana akaanza. Lakini muda mwingi ulikuwa umekwenda, na kila jibu mshale ulimchukua muda zaidi ya kuandika. Mashine ikajifunga akiwa katikati ya sentensi. Aliendelea kugonga vibonyezo kidogo kabla hajaelewa.

Mimi nilimaliza mapema. Nilipata nafasi ya kuyapitia majibu yangu mara ya pili.

Kwenye lori Lusiana aligawa viazi alivyokuwa amebeba, akanipa kikubwa. Tulipofika Kiegei nilimwita Adinani pembeni nikamuuliza kwa nini alifanya ujinga ule, angefaulu, ameharibu maisha yake kwa mtihani ambao Lusiana hatafaulu hata hivyo.

"Kuna mtu alitakiwa ainuke, madam," akasema. Hakusema kwa ubaya.

Jumapili, 27 Aprili

Jua. Kibaraza kitupu.

Ijumaa, 9 Mei. Nachingwea

Matokeo. Nimefaulu, tena vizuri. Lusiana amepungukiwa, yale aliyojibu yote ni sahihi lakini hayatoshi. Adinani pameandikwa amejitoa.

Na juu ya matokeo, ukurasa wa mbele kabisa, chuo kimetangaza utafiti wake. Kimesema wanafunzi wa vijijini wanaendelea kutumia masomo ya mtandao kwa sababu mfumo ni rahisi na unakidhi mahitaji yao. Kusini imefanya vizuri. Kuna na picha. Ni kibaraza changu. Adinani na miwani yake, mimi nimekunja uso kwa jua, na Lusiana katikati, mtoto kifuani, anacheka meno yote nje. Walitufuta kwenye alama, lakini kwenye hesabu yao ya wanaoendelea tumo.

Nikamwonyesha Teodosia, nikamwambia huyu anayecheka ameshindwa na mausi. Teodosia akasema wengi tu, ila hawaandikwi. Nilitukana kwa sauti, ndani ya parokia, Mungu anisamehe au asinisamehe.

Chuo kimenifungulia masomo ya ngazi ya pili. Nimefungua, nimeona zoezi la kwanza, nimefunga.

Jumamosi, 17 Mei

Nimevuna karanga. Nyingi, hata moja haikuoza, shamba lilikuwa safi. Nimempelekea Lusiana gunia. Bonifasi alilipokea mlangoni akasema asante, mwalimu. Lusiana alikuwa ndani, nilimsikia anamsemesha Goreti. Hakutoka.

Jumapili, 25 Mei

Adinani ameondoka tangu Jumatano kwenda kwao Narung'ombe. Kaka yake ana shamba la ufuta, atakata ufuta kwanza, kisha ataangalia. Ameniaga vizuri, akaniambia nisiache kwenda mjini, maana nikiacha wote watatu tutakuwa tumeacha. Ndiyo maana Alhamisi nilikwenda. Nimefanya zoezi la kwanza la ngazi ya pili peke yangu. Nilipomaliza niliitwa kwa jina nikapongezwa. Nikatoka nje nikala ndizi mbili kwa muuza chai, nikapanda baiskeli.

Wakirudi kuniuliza kwa nini naendelea, nitawaambia mfumo ni rahisi.

Ijumaa, 30 Mei

Siku ya mwisho ya Lusiana. Mkuu Jonasi alimshukuru mstarini kwa sentensi moja. Watoto wa darasa la kwanza hawakuelewa, wakapiga makofi. Ameniachia ubao umefutwa.

Jumatano, 4 Juni

Darasa la kwanza nimepewa mimi, juu ya darasa langu la tatu. Nakimbia huku na huku, huku wanaimba, kule wanapigana. Kuna mnyamavu mmoja nyuma kule. Nimewatuma wawili wawili kufuta ubao, na anaanza kusema.

Leo saa nne, nikiwa darasa la tatu, mtu akabisha mlangoni. Alikuwa Lusiana. Alikuwa na jembe, amevaa kanga ya shamba, na hakuingia. Alisimama nje ya kizingiti, viatu amevivua, wanaposimama wazazi. Binti yake Gaudensia yuko kwenye darasa hilo, ana homa tangu jana, alikuja kumwombea ruhusa.

Lusiana amenizidi umri. Tangu nifike shule hii mimi ndiye niliyekuwa nikimwamkia, kila asubuhi, hata zile wiki nilizokuwa na hasira naye nilimwamkia. Leo nilifungua mdomo nimwamkie, akaniwahi. Aliinama kidogo, macho chini, mbele ya watoto wote.

"Shikamoo, mwalimu."

Watoto walikuwa wakitazama. Nikasema marahaba.